Mwizi Akiingia Usiku: Mpaka wa Kujilinda Uko Wapi?

Somo: Kutoka 22:2-3, 1 Samweli 25, Nehemia 4, Warumi 12:17 hadi 13:4



Tangu visa vya kuvunjiwa nyumba vizidi hapa mtaani, swali moja limenifuata kila mahali: kwenye ushirika wa nyumbani, pale getini baada ya ibada, hata ndani ya matatu. Ndugu mmoja aliliuliza bila kuzunguka: "Pasta, mwizi akiingia kwangu saa nane usiku, nimkate panga afe, nimetenda dhambi ama sijatenda?" Dada mmoja, mjane mwenye watoto watatu, akaliuliza kwa njia yake: "Mimi niko peke yangu. Nikae tu nikiomba huku mlango unavunjwa?"

Haya si maswali ya mchezo, na wako wanaoyajibu haraka mno. Mmoja anasema, Mkristo ageuze shavu la pili, yaishe. Mwingine anasema, mwizi ni wa kuuawa, hakuna kesi hapo. Mimi naamini wote wawili wamekosea. Neno la Mungu linatupa ruhusa na linatupa mpaka, vyote viwili. Tena utashangaa kuona kwamba sheria ya Kenya imeweka mpaka huo karibu mahali pale pale Musa alipouweka.

KABLA YA JUA NA BAADA YA JUA

Fungua Kutoka 22. Mstari wa pili unazungumzia mwizi anayekutwa akivunja nyumba usiku. Akipigwa akafa, aliyempiga hahesabiwi hatia ya damu. Sasa soma mstari wa tatu polepole. Kama jua limeshatoka, yule aliyemuua ana hatia. Mwizi ni yule yule, nyumba ni ile ile, mali ni ile ile. Kilichobadilika ni jua peke yake.

Jua lina nini? Jiulize hali ya mtu aliyeamshwa na kishindo gizani. Hamwoni aliyeingia. Hajui ni mmoja ama ni watano. Hajui kama ameshika bisibisi ama bunduki, kama amefuata televisheni ama amefuata uhai wa watu. Hana nafasi ya kuuliza. Mungu anamhurumia mtu huyu, hamdai hesabu ya damu. Lakini kukishapambazuka, mambo ni mengine. Unamwona uso. Unaona mikono yake ina nini. Ukipiga kelele majirani watakuja. Hata akikimbia, unaweza kusema ni nani. Kuna njia nyingine zaidi ya kuua, na mahali palipo na njia nyingine, kuua kunakuwa hatia.

Kwa hiyo kinachoangaliwa hapo si saa ya ukutani. Ni hatari, na kukosa njia nyingine. Hatari ikiwepo, una ruhusa. Hatari ikiisha, ruhusa nayo imeisha.

Usiishie hapo. Mstari huo huo wa tatu unasema mwizi atalipa. Asipokuwa na kitu, atauzwa kwa ajili ya wizi wake, yaani atafanya kazi mpaka deni liishe. Bei ya wizi katika torati ni kulipa. Ng'ombe alilipwa kwa ng'ombe, na wakati mwingine watano kwa mmoja. Lakini hakuna mahali Mungu alipoweka ng'ombe upande mmoja wa mizani na uhai wa mtu upande wa pili akasema ni sawasawa.

Na lile shavu? Bwana alisema hivyo, na hatulipunguzi neno lake. Lakini kofi la shavuni ni tusi, ni kudharauliwa; si panga linaloshuka juu ya kichwa cha mtoto. Shavu langu naweza kuligeuza, maana ni langu. Shingo ya mtoto wangu si yangu kuitoa. Tena Bwana huyo huyo, katika Mathayo 24:43, alitoa mfano wa mwenye nyumba ambaye angejua mwizi anakuja zamu gani, angekesha asiache nyumba ivunjwe. Hakumlaumu kwa kukesha. Alilichukua kuwa jambo la kawaida kwa mtu mwenye akili.

SHERIA YETU INASEMAJE

Mimi si wakili, na mwenye kesi mahakamani aende kwa wakili. Lakini kuna mambo ambayo kila mwenye mlango anafaa kuyajua, kwa sababu wengi wetu tunaishi na sheria tuliyoisikia kwa kinyozi.

Katiba ya 2010, Ibara ya 26, inasema kila mtu ana haki ya kuishi. Haikuandikwa "kila mtu isipokuwa mwizi." Kisha Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 17, inasema kwamba mtu akitumia nguvu kujilinda yeye mwenyewe ama mali yake, hatia yake itapimwa kwa misingi ya sheria ya Kiingereza, ile iliyojengwa na majaji kesi baada ya kesi. Misingi hiyo inauliza mambo mawili makubwa. La kwanza: uliamini kwa dhati kwamba unashambuliwa ama uko karibu kushambuliwa? La pili: nguvu ulizotumia zililingana na hatari uliyoiona mbele yako?

Sheria hiyo si katili kwa mwenye nyumba. Katika kesi ya Palmer, iliyotoka Jamaica ikaamuliwa London mwaka 1971, majaji walikubali kwamba mtu aliyeshambuliwa hawezi kupima kipigo chake kama mwenye duka anavyopima sukari. Mahakama zetu zimeifuata kesi hiyo. Na suala la kujilinda likishajitokeza kwenye ushahidi, si kazi yako kulithibitisha. Ni kazi ya upande wa mashtaka kuonyesha kwamba hukuwa unajilinda.

Hata usiku unajulikana katika sheria yetu. Kanuni ya Adhabu inasema usiku ni kuanzia saa kumi na mbili u nusu jioni hadi saa kumi na mbili u nusu asubuhi. Anayevunja nyumba mchana anaweza kufungwa hadi miaka 7, na wa usiku hadi miaka 10, kwa sababu sheria nayo inajua giza linaongeza hofu. Ni kama wamesoma Kutoka 22 pamoja nasi.

Lakini ukivuka mpaka, sheria hiyo hiyo inakugeukia. Aliyetumia nguvu kupita kiasi mtu akafa anaweza kupatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, ambayo kifungo chake chaweza kufika maisha. Na ikionekana hakukuwa na hatari yoyote, ni kulipiza kisasi tu, hayo ni mauaji, na kifungu cha 204 kinataja kifo. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2017 kwamba jaji halazimiki kutoa hukumu hiyo ya kifo kila mara, lakini hakuna mtu wa kufurahia kuwa karibu nayo.

Kwa kuwa tunafuata misingi ya Kiingereza, kuna kesi moja ya huko inayofaa kutufundisha. Agosti 1999 mkulima aitwaye Tony Martin, aliyeishi peke yake shambani huko Norfolk, Uingereza, aliingiliwa na wezi usiku. Alikuwa ameshaibiwa mara nyingine. Akafyatua bunduki gizani, na kijana wa miaka 16 akafa. Alikuwa amepigwa risasi mgongoni. Waingereza wengi walimhurumia yule mzee, kama vile mimi na wewe tungemhurumia. Lakini mwaka 2000 baraza la mahakama lilimpata na hatia ya mauaji. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ilipunguza hatia ikawa kuua bila kukusudia, na sababu ilikuwa hali ya akili yake; ile hoja ya kujilinda haikumwokoa. Mgongo, wapendwa, ni ushahidi mgumu kuujibu. Anayekuonyesha mgongo kwa kawaida anaondoka.

HATUA TATU ZA USIKU MMOJA

Hebu tuchukue usiku mmoja tuugawanye, kwa sababu mara nyingi dhambi huingia kati ya hatua moja na nyingine bila mtu kujua.

Hatua ya kwanza: mlango unavunjwa, mtu yuko ndani na chuma mkononi, watoto wako chumba cha nyuma. Hapa piga kelele, mzuie, mpige ikibidi. Ukimwangusha ukiwa unaokoa uhai, Musa hakuhukumu, na sheria ya Kenya inakusikiliza.

Hatua ya pili: mtu yule ameona taa zimewaka, ameruka ukuta, anakimbia na redio yako. Redio inauma, najua, maana uliinunua kwa jasho. Lakini hatari kwa watoto imeondoka pamoja naye. Unaweza kumfuata umkamate. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamruhusu raia kumkamata mtu anayemwona akitenda makosa kama hayo, na cha 35 kinamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumkamata ni ruhusa. Kumrushia panga la kichwa kwa ajili ya redio si kujilinda tena.

Hatua ya tatu: ameshikwa, yuko chini, mikono imefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Jua limeshatoka hapo, hata kama saa ni tisa usiku. Kila rungu linaloshuka kuanzia wakati huo ni rungu la kisasi, na Warumi 12:19 imeshasema kisasi ni cha nani.

Nimewahi kusimamia mazishi ya kijana aliyeuawa katika hatua hiyo ya tatu. Sikumjua akiwa hai. Familia ilikosa mhubiri, wakatuita. Watu walikuja wachache, wengine kwa aibu. Mamake hakujaribu kusema mwanawe hakuiba. Alisema jambo moja tu, akalirudia: "Wangeniita nilipe." Mama yule sidhani alikuwa amesoma Kutoka 22:3, lakini alilosema ndilo torati ilisema. Wizi hulipwa. Waliomuua mwanawe walimnyima nafasi ya kulipa, na nafasi ya kutubu pia. Kumbuka mtu wa kwanza kuahidiwa paradiso na Bwana mwenyewe alikuwa mhalifu aliyetundikwa kando yake. Angeuawa mapema kidogo na umati, angeipata wapi ile saa?

"LAKINI POLISI HAWAJI"

Najua unachosema moyoni. Unasema, Pasta, ukipiga simu wanakuuliza gari liko na mafuta? Ukimpeleka kituoni Ijumaa, Jumatatu anapita mbele ya duka lako akikuchekea. Malalamiko haya nayachukua kwa uzito. Mtu aliyeibiwa mara tatu na hajapata haki hata mara moja, tusimhubirie kama mtu asiye na jeraha.

Lakini angalia jambo hili. Waisraeli waliopewa Kutoka 22 walikuwa jangwani. Hawakuwa na kituo cha polisi, hawakuwa na simu ya 999, hawakuwa na magereza. Kama kuna watu ambao wangeambiwa "ueni tu, maana hamna wa kuwasaidia," ni wao. Mungu hakuwaambia hivyo. Aliwawekea mpaka wa jua wakiwa katika hali ngumu kuliko yetu. Kwa hiyo udhaifu wa polisi ni sababu ya kudai polisi wafanye kazi yao, kwenda kwa chifu, kuandikisha kila kisa kwenye OB ili kisipotee. Si leseni ya kuwa hakimu na mnyongaji kwa dakika kumi.

Tena umati hukosea. Torati ilidai mashahidi wawili ama watatu kabla ya mtu kuhukumiwa. Mtaani shahidi ni sauti moja tu inayopiga yowe "mwizi!" na hakuna anayeuliza ni nani aliyepiga. Anaweza kuwa mlevi aliyekosea ploti. Anaweza kuwa kijana anayedaiwa na mtu mwenye hila.

Na wewe usiseme, mimi nilirusha jiwe moja tu. Vifungu vya 20 na 21 vya Kanuni ya Adhabu vinawagusa pia wanaosaidia na wale wenye nia moja. Aliyeleta petroli, aliyeshikilia miguu, aliyesema "maliza huyo," wote wanaweza kusimama kizimbani pamoja. Mbele za Mungu ni vivyo hivyo. Sauli wa Tarso hakurusha jiwe kwa Stefano. Alilinda nguo tu. Lakini miaka baadaye, katika Matendo 22:20, alikuwa bado analitaja.

Sheria ikimpa mvunjaji wa nyumba miaka 7 ama 10, sisi ni akina nani kumpa kifo? Najua wizi wa kutumia silaha na ukatili una adhabu kubwa zaidi katika vitabu. Hata huo unaamuliwa na mahakama baada ya kusikiza pande zote. Warumi 12 inaninyang'anya mimi kisasi, na mistari michache mbele, sura ya 13, inaweka upanga mkononi mwa mamlaka. Usitenganishe sura hizo mbili.

ABIGAILI NA TARUMBETA

Katika 1 Samweli 25, Daudi alikuwa amelinda kondoo wa Nabali, na Nabali akamlipa kwa matusi. Daudi alivaa upanga, akachukua watu 400, akiapa kutobakiza mwanamume katika nyumba ile. Hakuwa anajilinda. Alikuwa amekasirika. Aliyemwokoa ni mwanamke, Abigaili, aliyemkuta njiani na chakula na maneno ya hekima: usije ukabeba moyoni damu uliyoimwaga bila sababu. Na Daudi alimshukuru Mungu kwa kuzuiwa. Akina mama, kazi hii ni yenu pia. Kuna usiku ambao neno moja la mke mlangoni, "Baba nanii, ameshashikwa, wacha," litaokoa watu wawili, aliye chini na aliye na rungu.

Na yule dada mjane, nimjibu nini? Namjibu kwa Nehemia 4. Nehemia aliomba na akaweka walinzi, vyote viwili katika mstari mmoja. Aliwapanga watu kwa jamaa zao, wakajenga huku silaha ziko karibu, na mpiga tarumbeta akasimama kando yake ili wote wajue pa kukimbilia. Tena katika sura ile hakuna damu iliyomwagika. Adui walisikia kwamba mpango wao umejulikana, wakavunjika moyo, na watu wakarudi ukutani kufanya kazi. Ulinzi mzuri ni ule unaomfanya mwizi asije, ili usifike mahali pa kuchagua kumuua ama kutomuua.

Kwa hiyo kabla ya panga, tufikirie komeo. Taa ya nje. Filimbi kando ya kitanda. Namba za majirani watano kwenye simu, na 999 ama 112. Nyumba Kumi ikiitisha mkutano, Mkristo asiwe wa kwanza kukosa. Na tusifunge waya wa stima mtupu kwenye mabati ati ni mtego. Mtego hauulizi kama aliyeshika ni mwizi ama ni mtoto aliyefuata mpira. Naomba akina baba wa kila ushirika wapite kwa wajane na kina mama wanaoishi peke yao, waangalie milango na madirisha, watengeneze yaliyolegea. Mjane ambaye kanisa limemwekea komeo hataachwa usiku akichagua kati ya kuomba na kushika panga.

KAMA DAMU IMESHAMWAGIKA

Mwisho, niseme na yule ambaye alijilinda kweli na mtu akafa. Huna hatia ya damu. Torati imesema hivyo. Lakini usije ukashangaa moyo ukiwa mzito. Daudi alipigana vita vya Bwana, na bado aliambiwa hatajenga hekalu kwa sababu ya damu nyingi iliyomwagika. Kutokuwa na hatia hakufanyi kifo kiwe jambo la kushangilia. Piga ripoti mara moja, sema ukweli, usifiche silaha, usifunze majirani la kusema. Na sisi kanisa tusimfanye ndugu huyo shujaa wa hadithi, wala tusimkwepe. Tukae naye, tumwombee, tumsindikize mahakamani.

Wapendwa, Mungu hajawaambia mlale mlango wazi. Amesema tu kwamba hatari ikiisha, aliye mikononi mwenu si adui tena. Ni mtu aliyeumbwa kwa mfano wake, mwenye deni la kulipa. Mkabidhi.

MAOMBI: Baba, linda malango yetu na watoto wetu. Tupe ujasiri saa ya hatari, na mkono unaoweza kusimama hatari ikipita. Wahurumie waliovunjiwa nyumba na waliofiwa. Wageuze vijana wanaotoka usiku kuiba. Watie nguvu polisi na mahakimu watende haki. Katika jina la Yesu, Amina.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI
1. Katika Kutoka 22:2-3, kwa nini jua linabadilisha hukumu?
2. Ukisikia yowe la "mwizi" usiku wa leo, utafanya nini ukifika?
3. Ni nani katika ushirika wetu ambaye mlango wake unahitaji kutengenezwa wiki hii?